Buscopan mu mufuko wa agronomu: kidonge cha tumbo na vitu visivyopatana nacho



Wengi wenu munanijua kama mutu wa udongo na mbegu. Lisansi yangu ni ya agronomia, si ya uganga. Kwa hiyo mutajiuliza kwa nini leo naandika juu ya dawa ya tumbo. Naandika kwa sababu musimu wa mvua uliopita nilimupa mutu vidonge viwili vya Buscopan na kidogo tu angekufa mbele yangu. Vidonge vyenyewe havikumuumiza. Kosa lilikuwa langu mimi niliyevitumia pahali ambapo havikuwa na kazi, na kuvitumia huko kulinifanya nikae nimetulia wakati nilipaswa kukimbia.

Tulikuwa kwenye shamba la mahindi, nje ya Lubumbashi, mwezi wa kwanza. Mahindi yalikuwa yamefika kwenye magoti na viwavi jeshi vilikuwa vimeingia ndani ya moyo wa mumea. Hicho kiwavi, tangu kilipofika Afrika mu 2016, kimefundisha kila mukulima kupiga dawa, hata yule ambaye babu yake hakujua pompi ni nini. Na dawa yenyewe tunainunuaka sokoni kwenye chupa ndogo, karatasi yake imechanika nusu, maandishi ni ya kiingereza ao ya luga nyingine. Siku ile ilikuwa mchanganyiko wa profenofosi na sipermetrini. Muzee mumoja wa pale, mutu wa miaka hamsini na kitu, alibeba pompi ya mugongo kuanzia saa moja ya asubui. Pompi ilikuwa inavuja kidogo. Shati yake ililowa mugongoni. Mimi niliona, nikasema tutaitengeneza kesho.

Saa sita tukakula bukari na sombe. Saa saba hivi muzee akanifuata.

"Chefu, tumbo inaniluma sana. Inanikata."

"Pole, muzee. Pengine ni ile sombe ya jana, ililala bila moto. Nipo na Buscopan mu sakoshi. Kunywa mbili, ulale kidogo chini ya muti."

Alikunywa. Baada ya nusu saa akaniambia tumbo imepunguka kidogo. Mimi nikarudi kuhesabu mistari yangu. Nilipopita tena karibu ya saa tisa, muzee alikuwa amekaa, ametegemea muti, jasho linamutoka sawa mutu aliyenyeshewa, mate yanashuka kwenye kidevu, macho yanatoa machozi, na kifua kinapiga sauti ya mayi. Nilimuangalia mboni za macho: zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Hapo njo ile kozi ya fitofarmasi ilinirudilia yote kwa mara moja. Nilikuwa nimeisoma, nimefanya ekzameni, nimepata pointi nzuri, na nilikuwa nimepita mara mbili mbele ya mugonjwa bila kuiona.

Tulimufikisha hospitali na moto, watu watatu juu ya moto moja. Dokta hakuniuliza jina la mugonjwa. Aliuliza, "Alikuwa anapiga dawa gani?" na mara moja nyuma yake, "Mulimupa nini?" Wakamuvua nguo zote, wakamuosha na sabuni, wakamutia atropini kwenye mushipa, wakarudilia kila dakika kadhaa mpaka kifua kikakauka. Muzee yuko muzima leo. Usiku dokta aliniita pembeni.

"Mwana wangu, kidonge chako hakikumuumiza. Ile saa mbili uliyongoja njo ingemuua."

Tangu siku ile nilianza kusoma. Nilisumbua rafiki yetu mumoja aliyemaliza farmasi mpaka akachoka na mesaji zangu. Ninayoandika hapa ni yale nimeelewa na yeye amesahihisha. Si ordonansi. Mutu mwenye kugonjwa aende kwa muganga.

Tuanze na namna kidonge kinafanya kazi, juu usipoelewa hii, mambo mengine yote yatakuwa kwako liste ya kukariri tu, na liste za kukariri tulizimaliza mu graduati.

Ndani ya mwili kuna mujumbe anaitwa asetilkolini. Neva inamutoa, anafika kwenye musuli wa utumbo, anakaa kwenye kiti chake, na musuli unajikaza. Akimaliza, kuna enzimu inaitwa kolinesterazi inayomukata vipande, musuli unalegea. Mujumbe ule ule anaambia mate yatoke, jasho litoke, machozi yatoke, kibofu kijikaze, mboni ya jicho ijifunge, moyo upunguze mwendo. Kazi nyingi kwa mujumbe mumoja.

Buscopan, jina lake la kikemia ni hiosini butilbromidi, inakuja kukaa kwenye kile kiti kabla mujumbe hajafika. Mujumbe anakuta pahali pamejaa. Utumbo unaacha kujikaza, maumivu ya kukata yanapunguka. Ni dawa nzuri kwa kazi yake: tumbo linalojikaza, mawe ya nyongo, mawe ya figo, tumbo la mama mwenye siku zake. Lakini sasa munaelewa pia kwa nini mutu aliyekunywa anaweza kukauka kinywa, kuona giza-giza akisoma, moyo kwenda mbio, kukosa choo, kukawia kukojoa. Ni kile kiti kimoja, kwenye viungo mbalimbali.

Dawa za viwavi za jamii ya organofosfati, kama profenofosi, klorpirifosi, dimetoate, diklorvosi, zenyewe hazikalii kiti. Zinafunga mikono ya kolinesterazi. Mujumbe anatoka, hakuna wa kumukata, anajaa kila pahali. Njo maana mate, jasho, machozi, kutapika, kuhara, tumbo kukata, mboni kuwa ndogo, kifua kujaa mayi. Tumbo kukata ni moja ya alama za kwanza. Kwa mukulima aliyetoka kupiga dawa, tumbo la kukata si sombe mpaka tuhakikishe si pompi.

Wajanja kati yenu tayari wanasema: kama sumu inajaza mujumbe, na Buscopan inafunga kiti, basi chefu alitoa dawa ya kweli! Hata mimi nilijitetea hivyo mbele ya rafiki yangu wa farmasi. Alicheka. Hiosini butilbromidi imetengenezwa ili isipite vizuri kwenye ukuta wa utumbo. Ukikunywa kidonge, chini ya 1% njo inafika kwenye damu. Ni kwa kusudi: inabaki kufanya kazi kwenye tumbo, na haiingii mu bongo kirahisi. Kwa hiyo ilituliza tumbo la muzee kidogo, alama moja ikafifia, na mapafu yakaendelea kujaa. Watu wenye kufa na organofosfati wanakufa zaidi kwa kushindwa kupumua. Kinachotakiwa ni atropini ya kudungwa, ile inafika mpaka kwenye kifua, na kwa wingi ambao mutu muzima asiye na sumu hawezi kuuvumilia. Hiyo ni kazi ya hospitali. Kazi yetu shambani ni kuvua nguo zilizolowa, kuosha ngozi na nywele na sabuni na mayi mengi (anayeosha naye ajikinge mikono), kuchukua chupa ya dawa ili dokta asome, na kwenda. Kile nilichofanya mimi, kumulalisha muzee na shati lake lililolowa, maana yake ni kwamba sumu iliendelea kuingia kwenye mugongo wake wakati mimi nahesabu mistari.

Na maziwa? Na mafuta ya ngazi? Kijana mumoja pale alikuwa amekwisha kukimbia kutafuta maziwa. Kwetu kila sumu inapewaka maziwa. Hayaondoi organofosfati, na mutu ambaye kifua kimejaa na anatapika, ukimumwangia kitu kinywani unaweza kumukaba. Hii desturi tuisahau, pamoja na ile ya kumutapisha mutu kwa nguvu.

Sasa nitoke shambani kidogo, ijapokuwa sitatoka kabisa. Munajua ile hiosini inatoka wapi? Kwenye mumea. Buscopan ilianza kuuzwa Ujerumani mwanzo wa miaka ya 1950, na sehemu kubwa ya hiosini ya viwanda inatokana na majani ya muti unaoitwa Duboisia, unaolimwa Australia, mu Queensland, na Brazil pia. Wanakulima hekta na hekta za majani kwa ajili ya alkaloidi. Mimi kama agronomu niliposoma hii niliona wivu.

Lakini sisi pia tuko na ndugu wa muti ule, tena bila kumupanda: datura. Munamujua. Anaota kwenye jalala, pembeni ya barabara, kati ya mahindi na soya. Maua yake meupe yenye umbo la tarumbeta, tunda lake lina miiba, mbegu ndogo. Ndani yake muna atropini, hiosiamini na hiosini (wengine wanaiita skopolamini), na hizi, tofauti na ile ya kidonge, zinaingia kwenye damu na kwenye bongo. Mutu anaona vitu visivyokuwapo, ngozi kavu na ya moto, mboni kubwa, moyo mbio, mukojo umekwama. Mu 2019, kule Karamoja, Uganda, watu zaidi ya 200 waligonjwa na 5 walikufa baada ya kula unga wa lishe uliogawiwa kama musaada. Walipopima unga, walikuta alkaloidi hizi hizi, kutoka kwenye mbegu za majani mabaya zilizochanganyika na soya. Shamba ambalo halikupaliliwa vizuri lilifika mpaka kwenye sahani ya mutoto. Tunapoambia wakulima wang'oe datura kabla haijazaa, wanafikiri ni mambo ya rendema tu. Na kwa mambo yetu ya leo: mutu aliyekunywa chai ya datura kwa ajili ya asma ao tumbo, halafu akaongeza Buscopan, ameweka jamii moja juu ya jamii moja.

Hapo tumeingia kwenye dawa na dawa. Kanuni ni ile ya kiti. Kila dawa nyingine inayokalia kile kiti, hata kama inauzwa kwa kazi tofauti kabisa, inajumlishana na Buscopan. Na ziko nyingi kuliko munavyofikiri. Prometazini, ambayo watu wanakunywaka kwa mizio ao kwa kulala. Klorfeniramini, ambayo imefichwa ndani ya vidonge vingi vya mafua. Amitriptilini, ya huzuni na ya maumivu ya neva. Klorpromazini na dawa nyingine za magonjwa ya akili. Baadhi ya dawa za kupumua za asma, kama ipratropiumu. Moja moja, mwili unavumilia. Ukiweka mbili ao tatu, kinywa kinakuwa kikavu sana, choo kinakwama, mukojo unakwama, na muzee anaanza kuchanganya maneno.

Baba yangu mudogo yalimufikia. Alikuwa na mafua na tumbo kwa siku moja. Kidonge cha mafua kutoka kwa jirani, Buscopan kutoka kwa bibi yake. Usiku hakuweza kukojoa hata tone, tumbo la chini likavimba sawa mupira. Kule hospitali walimuwekea sonda. Ndipo tulijua kwamba prostati yake ilikuwa imekuwa kubwa tangu zamani na alikuwa anaficha, kama wazee wetu wote wanavyofichaka. Pale unaona vitu vitatu kwa mara moja: dawa ya kwanza, dawa ya pili, na ugonjwa uliokuwa chini unangoja. Hakuna hata kimoja peke yake kilichomuweka kwenye kitanda.

Kuna nyingine inanichekesha kidogo, juu naiona kila wiki. Mutu anafika farmasi: "Natapika na tumbo inakata." Anapewa Buscopan na metoklopramidi ndani ya karatasi moja. Metoklopramidi inasukuma tumbo litembee mbele, Buscopan inalisimamisha. Ni sawa watu wawili kwenye pusipusi, mumoja anasukuma, mwingine anavuta nyuma. Kila moja inapunguza nguvu ya nyingine kwenye tumbo. Muganga anaweza kuwa na sababu yake, lakini kama hakuna muganga, kuna paka muuzaji, uliza.

Nyingine haraka haraka. Salbutamoli ya asma inaweza kuongeza mbio za moyo pamoja na Buscopan. Loperamidi, ya kufunga kuhara, na kodeini ao tramadoli, zote zinalegeza mwendo wa utumbo. Ukijumlisha, utumbo unaweza kugoma kabisa. Na kwa vile Buscopan inakawiza tumbo kutoa vitu, dawa nyingine zinaweza kukawia kufanya kazi, ao kukaa pahali pamoja muda murefu: vidonge vya potasiumu, ambavyo baadhi ya wagonjwa wa moyo wanapewa, vikikaa bila kutembea vinaweza kuchubua ukuta wa utumbo. Digoksini nayo inaweza kuingia zaidi kuliko ilivyopimwa. Kama muko na mama ao baba nyumbani mwenye dawa za moyo, msimuongezee kidonge cha tumbo kwa upendo tu.

Magonjwa yenyewe. Prostati nimekwisha kusema. Ugonjwa wa jicho unaoitwa glokoma, ile ya pembe iliyofungika: dawa inafungua mboni, mayi ya jicho yanakosa njia, presha ya jicho inapanda. Jicho jekundu, linaluma, mutu anaona duara za rangi kwenye taa baada ya kutumia dawa hii, hiyo ni ya kukimbia siku ile ile. Myastenia, ugonjwa wa musuli kuchoka, haipatani nayo. Utumbo uliofungika ao uliolala haupatani nayo kabisa. Huko ni sawa kufunga mulango wa nyumba inayoungua. Na moyo: mu 2017 Uingereza, ofisi yao ya kusimamia dawa ilitoa onyo juu ya Buscopan ya kudunga kwa watu wenye ugonjwa wa moyo, juu mbio za moyo na kushuka kwa presha vinaweza kuwa vya hatari zaidi kwao. Onyo lilikuwa la sindano, si la kidonge. Lakini kwetu watu wanapendaka sindano. Mutu anaambia muganga wa kartie, "Unidunge, kidonge haina nguvu," na muganga anamudunga bila hata kumushika pulsi.

Halafu joto. Kitu hiki nilikikosa kwenye vitabu vya watu wa ofisini, nilikielewa kwa sababu ya shamba. Dawa zinazofunga kile kiti zinapunguza jasho. Jasho njo radiatere ya mutu anayelima mwezi wa kumi chini ya jua la Katanga. Mutu mwenye homa, ao anayechimba tangu asubui, akizidisha dawa za jamii hii, mwili unakosa njia ya kujipoza. Kwa kidonge kimoja cha Buscopan hatari ni ndogo kwa mutu muzima, kwa sababu ya ile 1%. Kwa mtoto mwenye homa, ao mutu aliyechanganya na prometazini na dawa ya mafua, si ndogo.

Lakini kama mungeniuliza ni mugonjwa gani ananiogopesha zaidi na Buscopan, ningesema ni mwenye tifoidi. Si kwa sababu dawa na mikrobi vinapigana. Ni kwa sababu ya kile kile kilichonipata na muzee: dawa inanyamazisha alama. Tifoidi ikikawia bila antibiotiki nzuri, inaweza kutoboa utumbo, mara nyingi mu wiki ya tatu. Mwisho wa 2004 kule Kinshasa kulikuwa na tifoidi kubwa. Watu zaidi ya 200 walikufa, na mamia walipata utumbo kutoboka ao tumbo kuoza ndani. Sasa muwaze mwanafunzi anayelala kwenye homu, tumbo inaluma siku ya kumi, homa inapanda jioni, na kila jioni anakunywa Buscopan mbili ili asome. Tumbo inatulia kidogo, anasema, "Niko sawa." Appendisiti vilevile, na mimba iliyokaa nje ya kizazi vilevile. Tumbo la kukata lenye homa, ao kutapika kusikoisha, ao damu kwenye choo, ao kuzimia, ao tumbo gumu sawa mbao ukigusa: hiyo si tumbo ya Buscopan. Waliotengeneza dawa wenyewe wameandika hivyo kwenye karatasi ya ndani ya kikopo. Shida ni kwamba sisi tunanunuaka vidonge viwili viwili, karatasi inabaki farmasi.

Kwa watoto wenye kuhara nitasema kidogo tu: mayi ya chumvi na sukari ya pakiti, zinki, na kituo cha afya. Kuhara kwa mikrobi, utumbo unajaribu kutoa uchafu. Dawa ya kuulegeza si musaada kwa mutoto anayekauka mayi, na kwenye mikoa yetu ya kolera mutoto anakauka kwa masaa, si kwa siku.

Chakula sasa. Wengi wananiuliza kama Buscopan inakunywiwa na chakula ao bila. Kwa kidonge hiki, chakula hakibadilishi mambo sana, unaweza kula ao kutokula. Kinachobadilika ni unachokula siku zinazofuata. Bukari tupu na nyama, mayi kidogo, na dawa inayolegeza utumbo: utakosa choo siku tatu halafu utasema "tumbo inaluma tena" na kukunywa nyingine. Nimeona mutu kwenye duara hilo. Maharagi, matunda, majani, mayi. Pombe, hasa lutuku, haina kazi hapa. Macho yako tayari yanaweza kuona vibaya karibu, na bado utapanda moto.

Jambo la mwisho la kikemia, na hili ni la pesa yenu pia. Buscopan si moja. Kuna ya kawaida, ina 10 mg za hiosini butilbromidi. Kuna ile iliyochanganywa na paracetamoli 500 mg. Mutu anakunywa mbili za ile, halafu kwa ajili ya homa anaongeza paracetamoli mbili tupu, mara nne kwa siku. Amefika gramu 8. Mupaka wa mutu muzima ni gramu 4 kwa siku, na ini halina namna ya kukuonya mapema. Kuna tena ile iliyochanganywa na metamizoli, ambayo wengi wanaiita noramidopirini. Metamizoli inaweza kwa watu wachache kushusha ghafla askari weupe wa damu. Kwa sababu hiyo Sweden waliiondoa sokoni mu 1974 na Marekani mu 1977, wakati nchi nyingine zinaendelea kuitumia. Mutu aliyeitumia halafu anapata homa kali na koo kuoza, asifikiri ni malaria tu. Sura ya vikopo inafanana. Musome maandishi madogo, si rangi.

Na wale wanaosema, "Mimi natumiaka Spasfon, si Buscopan": ni dawa nyingine. Floroglusinoli haikalii kile kiti, kwa hiyo mengi niliyosema juu ya mukojo na macho hayaihusu. Lakini nayo haishauriwi pamoja na morfini na dawa za jamii yake, kwa sababu zenyewe zinakaza pale inapolegeza. Na kwa kunyamazisha alama, iko sawa na mwenzake.

Mu sakoshi yangu Buscopan ingali mumo. Sikuitupa, ni dawa nzuri. Lakini kwenye mulango wa depo ya shamba nimebandika karatasi, kwa kiswahili, na herufi kubwa: AKISEMA TUMBO, ULIZA KAMA ALIPIGA DAWA. ANGALIA MACHO. VUA NGUO. OSHA. LETA CHUPA. Chini yake kuna pipa ya mayi na sabuni mbili, na pompi mupya. Muzee njo alichagua pompi yenyewe. Aliijaza mayi tupu, akaibeba mugongoni robo saa, akashusha, akapitisha mukono kwenye shati lake kuona kama limelowa, ndipo akaniambia nilipe.